Kwanza Waulizwe Wanakijiji

Katika sekondari zetu nyingi, mwanafunzi aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi hukabidhiwa fyekeo la adhabu. Ijumaa mwalimu yuleyule humkabidhi fyekeo lilelile akasafishe zahanati ya kijiji, safari hii kwa jina la uzalendo. Kijana hana pa kutofautisha kazi hizo mbili. Wazee wanaompita njiani nao hujua moja tu: huyo kakosa nini leo?

Mwalimu Nyerere hakukusudia hivyo alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, na wanafunzi washiriki kuamua mipango ya shamba lao na matumizi ya mapato yake. Shule nyingi zilibaki na shamba. Kuamua kukahamia ofisini kwa mwalimu.

Tunao mfano uliokwenda vizuri zaidi, ule wa kisomo cha watu wazima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 39 mwaka 1975, na wengi wa walimu wa hiari walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Kijana alikuwa na kitu ambacho mzee alikihitaji hasa: kujisomea barua ya mwanawe, kujua karani ameandika kilo ngapi za mazao yake. Hakuna aliyemwona kijana huyo akadhani anatumikia adhabu.

Sasa twende Vigwaza, tuone kazi kama hiyo ingewezaje kumuunganisha mwanafunzi na jamii yake. Kata hii ya Halmashauri ya Chalinze iko kwenye barabara ya Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze, na wasafiri wengi wanaijua kwa mizani ya malori tu. Wapo Wakwere na Wazaramo wenye mashamba yao, wapo wafugaji waliohamia na ng'ombe, wapo na wageni waliokuja kununua ardhi. Ugomvi wa wakulima na wafugaji katika bonde la Ruvu si habari ngeni, na chanzo ni kilekile kila kiangazi: maji na malisho.

Mtu atauliza, mwanafunzi wa shule ya kata si mtoto wa hapohapo, aunganishwe na nani tena? Aunganishwe na nyumba asiyoingia. Mtoto wa mkulima na wa mfugaji hukaa dawati moja, kengele ya kutoka ikilia kila mmoja anarudi upande wake. Mwenzao wa bweni, aliyetoka mkoa mwingine, ana hali mbaya zaidi. Anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa anaijua barabara ya kwendea stendi tu.

Ningekuwa mkuu wa shule pale, ningeyaacha mafyekeo stoo. Ningekwenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza ni taarifa gani serikali ya kijiji inaihitaji na haina. Mara nyingi ni mambo ya kawaida: kisima kipi hukauka mapema, mifugo hupita wapi kwenda mtoni, njia ipi imezibwa na shamba jipya. Jiografia ya sekondari inafundisha usomaji wa ramani na upimaji wa ardhi, tena mara nyingi kwa kuchora ubaoni. Basi wanafunzi wachore ramani ya mambo hayo. Wapangwe katika makundi mchanganyiko, mtoto wa boma awapeleke wenzake bomani, wa shamba awapeleke shambani, mwalimu akiwepo, na barabara kuu isivukwe kiholela kwa sababu ya malori.

Lakini kazi peke yake haitoshi. Jimbo la Maryland nchini Marekani huwataka wanafunzi watimize saa 75 za huduma kwa jamii kabla ya kuhitimu sekondari, na katika saa hizo huhesabiwa pia maandalizi na kutafakari baada ya kazi. Sisi hutoka darasani moja kwa moja hadi kwenye majani, tukarudi kula.

Kutafakari kwetu kuna mahali pake tayari, mkutano mkuu wa kijiji. Wanafunzi wasimame pale na ramani yao, waulizwe maswali, wabishiwe. Mzee atakayesema kisima chake kimewekwa upande usio wake atakuwa amewafundisha kuliko mtihani wa majaribio.

Kazi hii inawafaa kidato cha tatu, kwa kuwa wa pili na wa nne wanakabiliwa na mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka. Waanze Julai, masika yakiwa yamepita na visima vimeanza kupungua, ramani isomwe mkutanoni kabla ya vuli.