Mama wa kesho wamekwishazaliwa

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8 kwa wastani, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani huo umeshuka hadi 3.4. Kwa hesabu ya haraka mtu angedhani ongezeko la watu limekwisha nguvu, lakini sensa zinasema vingine: watu milioni 15.3 waliohesabiwa mwaka 1979 walikuwa milioni 47.6 ilipofika 2019. Uzazi umepungua kwa zaidi ya nusu na watu wameongezeka mara tatu, ndani ya kipindi kilekile. Mjadala wetu wa idadi ya watu, ambao kila mara huishia kwenye swali la mama azae wangapi, hauna jibu kwa jambo hili.

Jibu limo katika umri. Chukua kina mama 100 waliozaa watoto 8 kila mmoja. Tukiacha vifo kando, wameacha mabinti wapatao 400. Mabinti hao wakizaa 3.4 tu kila mmoja, wataleta watoto 1,360, ilhali mama zao, pamoja na uzazi wao wote ule, walileta 800. Na vifo navyo havikukaa kando, maana ndivyo vilivyotangulia kupungua. Chanjo, maji safi, vyandarua na dawa viliwafikisha utu uzima watoto ambao zamani wangezikwa kabla ya kuanza shule. Tanzania iko mahali hapohapo, nyuma kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo idadi hujirudufu katika miaka 22 hivi. Uzazi umeshuka polepole hadi 4.8, na zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania hawajafika miaka 15. Mama watakaozaa katika miaka ya 2030 wako madarasani sasa, na hakuna sera inayoweza kuwapunguza.

Anayedhani amri ya serikali ingekata mzizi huo aitazame China. Sera ya mtoto mmoja ilianza kutekelezwa karibu na mwaka 1980, kwa faini na kwa mabavu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyataka hapa. Kufikia miaka ya 1990 uzazi ulikuwa umeshuka chini ya watoto wawili, kiwango kisichotosha hata kuziba nafasi ya wazazi. Hata hivyo idadi ya Wachina iliendelea kupanda mpaka ilipoanza kushuka mwaka 2022. Miaka 30 ilipita kati ya uzazi kushuka na watu kupungua.

Wapo watakaosema basi tusihangaike, ardhi ipo. Mwaka 2018 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwataka wananchi hadharani waachane na uzazi wa mpango. Ni kweli kwamba wastani wa watu 70 hivi kwa kilomita moja ya mraba si msongamano. Lakini wastani haulimwi. Vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi vingine havigawanyiki tena, na mtoto anayehitaji dawati hasaidiwi na pori lililo mkoa wa mbali. Kinachobana ni kasi: nchi inayojirudufu katika miaka 22 hulazimika kujenga shule na wodi za wazazi kwa wingi uleule iliokwisha kujenga tangu uhuru, ili tu ibaki palepale ilipo.

Wengine watageuza hoja hii dhidi yangu: kama mama wa kesho wamekwishazaliwa, uzazi wa mpango una faida gani? Una faida kwa mama mwenyewe kwanza, na hilo peke yake lingetosha. Lakini upo pia mlango ambao tunaupita bila kuutazama, nao ni umri wa kuanza kuzaa. Kina mama wakizaa wakiwa na wastani wa miaka 20, karne moja ina vizazi vitano. Wakizaa wakiwa na 25, ina vinne, hata kama kila mmoja amezaa idadi ileile ya watoto. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wenye miaka 15 hadi 19 walikwishapata ujauzito. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kesi hiyo iliandikwa magazetini kama habari ya haki za watoto, na ndivyo ilivyokuwa. Wachumi na wapangaji wa mipango, ambao kila sensa ikitoka hulalamikia namba, hawakuonekana sana mahakamani.