Gitaa halisikiki? Kabla ya kununua amplifaya kubwa, unda pedali

Amplifaya nyingi za gitaa zinazoletwa kwenye meza yangu ya ufundi hapa Shimanzi huwa na ugonjwa mmoja: spika imeungua. Mwenyewe huwa ni kijana wa bendi ya hoteli au mpiga gitaa wa kanisani, na maelezo hayabadiliki. Gitaa lilikuwa likimezwa na kinanda na ngoma, akafungua sauti na besi hadi mwisho, spika ikakoroma, kisha ikanyamaza. Swali lake la kwanza huwa, "Fundi, sasa ninunue ya wati ngapi?"

Mimi humwambia asubiri kwanza. Mara nyingi kilichomponza si uchache wa wati, ni besi. Uzi mnene wa gitaa hutoa takriban hezi 82, na huko chini tayari kuna gitaa la besi, ngoma na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Amplifaya humaliza nguvu zake ikigombania mahali palipojaa. Sikio la msikilizaji hulinasa gitaa katikati, kuanzia hezi mia kadhaa hadi elfu mbili au tatu. Hapo ndipo pedali ya ovadraivu inapofanya kazi.

Pedali haiongezi wati. Amplifaya ya wati 20 itabaki ya wati 20. Inachofanya ni kuikuza ishara ndogo ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya, kuipunguza besi, na ukitaka, kuikata vilele ili sauti iwe na mkwaruzo mtamu. Kabla ya pedali watu walipata mkwaruzo huo kwa kuvitesa vyombo. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks, London, aliikata spika yake kwa wembe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ibanez ya Japani ikatoa Tube Screamer, kisanduku cha kijani ambacho hupunguza sauti zilizo chini ya takriban hezi 720. Siri ya umaarufu wake ni hiyo hiyo: huliondoa gitaa kwenye msongamano.

Tuanze na pedali rahisi, ya transista moja. Mpango wake ni wa zamani; Electro-Harmonix ya New York iliuza kikuzaji cha namna hii, LPB-1, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tafuta transista ya 2N3904 au BC547, mpya au ya kung'oa kwenye redio mbovu. Angalia miguu yake, kwani hizi mbili zimepangwa kinyume. Ukiutazama uso bapa, miguu ikiwa chini, 2N3904 huanza na emita kushoto, BC547 huanza na kolekta. Mguu wa kati ni besi ya transista kwa zote mbili.

Rezista ni nne. Ya kilo-omu 470 iunge kutoka volti 9 hadi mguu wa kati, na ya kilo-omu 47 kutoka mguu huo hadi ethi. Ya kilo-omu 10 iunge kutoka volti 9 hadi kolekta, na ya omu 390 kutoka emita hadi ethi. Kapasita ni mbili. Ya kwanza hutoka jeki ya gitaa hadi mguu wa kati. Ya pili hutoka kolekta hadi mguu mmoja wa pembeni wa kitufe cha sauti cha kilo-omu 100. Mguu wa pembeni wa pili wa kitufe nenda nao ethi, na wa katikati peleka jeki ya kutokea. Kabla ya kuunga gitaa, pima kolekta kwa mita. Ukiona takriban volti 5, umefaulu. Ukiona 9 au karibu na sifuri, kagua miguu ya transista.

Kapasita ya pili iwe ya maikrofaradi 0.1. Ya kwanza ndiyo yenye uamuzi. Ukiweka 0.1, besi yote hupita. Ukiweka 0.01, sauti zilizo chini ya takriban hezi 600 huanza kupungua, na gitaa hujitokeza. Ukitaka mkwaruzo, ongeza dayodi mbili za 1N4148, zilizoelekezwa kinyume, kati ya kapasita ya pili na ethi. Kila moja hufunguka karibu na volti 0.6, hivyo kilele cha ishara hukatwa hapo.

Msomaji ataniambia muziki wa hoteli zetu, ule wa "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, hutaka gitaa safi. Sawa. Acha dayodi, weka swichi ya kukanyaga, na uikanyage zamu yako ya solo inapofika. Solo ikiisha, kanyaga tena urudi nyuma ya mwimbaji.

Matumizi hutegemea amplifaya. Yenye valvu isukume: mkwaruzo wa pedali uwe mdogo, sauti yake iwe juu, valvu zenyewe zitakolea. Ya transista ikizidiwa hutoa sauti kali ya kuumiza sikio, kwa hiyo iache pedali ikwaruze, na sauti yake ilingane na ile ya gitaa bila pedali. Kwa zote mbili, punguza besi ya amplifaya kwanza.

Tumia kisanduku cha chuma kilichoungwa na ethi, kwa sababu cha plastiki hunasa mvumo. Betri ni tulivu kuliko adapta, hasa jirani yako akiwa na mashine ya kuchomelea. Na kwa chumvi ya hewa yetu, jeki zisafishe mara kwa mara.

Jambo moja silifanyii mzaha. Pedali ya betri haiwezi kukuua; amplifaya inaweza. Ndani ya ile ya valvu mna zaidi ya volti 300, na kapasita zake hushikilia umeme hata baada ya kuchomoa waya. Kijana anayetaka kujifunza aanzie kwenye kisanduku, si kwenye tumbo la amplifaya.

Makontena hupita mbele ya maghala yetu kila siku, na tumezoea kudhani chombo kizuri lazima kishuke bandarini. Wahenga wa Pwani walisema usione vyaelea, vimeundwa. Vyuo vyetu vya ufundi vingempa kila mwanafunzi wa umeme transista moja na rezista nne, angejifunza kupima, kulehemu na kutafuta hitilafu kwa kitu ambacho Jumapili atakisikia kwa masikio yake. Na mpiga gitaa angebaki na spika yake.