Kabla ya kuzima kompyuta, uliza mchezo umetungwa na nani

JE, msomaji mpenzi, ni mara ngapi umemwamuru mwanao aweke simu chini akashike kitabu? Katika nyumba nyingi mijini vita hivi hupiganwa kila jioni. Mzazi hufika kutoka kazini akiwa hoi, akamkuta kijana amejikunja kwenye kochi, macho ameyakodoa kiooni na vidole vinakwenda mbio. Mzazi hufoka, kijana hununa, na kesho yake mambo huwa ni yale yale.

Nia ya makala haya si kumnyamazisha mzazi, wala kumpa mwanafunzi kisingizio cha kutupa vitabu. Nia ni kueleza jambo ambalo aghalabu pande zote mbili hazilijui: michezo ya video haipikwi katika chungu kimoja. Kuna inayoundwa na kampuni kubwa zenye mamia ya wafanyakazi. Na kuna ile inayotungwa na mtu mmoja chumbani mwake, au marafiki wawili watatu, bila mkubwa wa kuwaamuru watie nini na waache nini. Michezo hii midogo haitangazwi kwenye runinga wala kubandikwa kwenye mabango ya barabarani. Usipoitafuta, hutaijua. Hata hivyo, ndiyo inayoifaa zaidi familia yenye mfuko mwembamba na kompyuta moja kuukuu sebuleni.

Shamba la kijana aliyekosa kazi

Chukua mfano wa Eric Barone wa Marekani. Alihitimu chuo kikuu mwaka wa 2011 kwa shahada ya kompyuta, akatafuta kazi asipate, masaibu ambayo vijana wetu wengi wanayajua vyema. Ili kunoa ujuzi wake, akaanza kutunga mchezo kuhusu ukulima. Picha alichora mwenyewe, muziki akautunga mwenyewe, programu akaiandika mwenyewe. Kazi aliyodhani ni ya miezi michache ilimla miaka minne na nusu. Wakati huo alitegemea mapato ya mpenzi wake na kibarua cha kuwaonyesha watazamaji viti vyao katika jumba la maonyesho.

Mchezo huo, Stardew Valley, ulitoka Februari 2016. Kufikia Desemba 2024, nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa.

Ukiucheza utaona kwa nini ulipendwa. Unarithi shamba la babu lililojaa magugu na mawe. Unalima, unapanda, unamwagilia maji, unauza mavuno na kujuana na majirani. Kila msimu una siku 28, na msimu ukibadilika mimea isiyofaa msimu mpya hunyauka. Basi mtoto anayetamani mbegu inayochukua siku 12 kukomaa, ilhali msimu umebakiza siku 10, hana budi kupiga hesabu kabla ya kutoa pesa. Hakuna mwalimu aliyemsimamia na kiboko. Ameifanya hesabu kwa kuwa anataka kujua jibu.

Bure iliyo ghali

Huenda mzazi akauliza: kwa nini nitoe pesa ilhali simu imejaa michezo ya bure? Wahenga hawakukosea waliponena kuwa rahisi huvunja upishi. Mingi ya michezo hiyo ya bure huvuna pesa baadaye. Mtoto akishanogewa, huwekewa kizuizi njiani: ama asubiri kwa saa kadhaa, ama anunue vito na sarafu za kubuni kwa pesa za kweli. Jambo hili lilizua malalamiko hata Marekani. Mnamo Januari 2014, kampuni ya Apple ilikubaliana na serikali ya huko kuwarejeshea wateja angalau dola milioni 32.5, kutokana na ununuzi uliofanywa na watoto ndani ya programu bila idhini ya wazazi.

Watungaji huru wengi hufuata njia ya muuza vitabu. Unalipa mara moja, unakwenda nacho nyumbani, hadithi imekwisha. Bei ya kawaida ya Stardew Valley kwenye kompyuta ni dola 14.99, yaani chini ya Sh2,000 ukihesabu Sh130 kwa dola. Wengine hata hawaombi kitu. Daisuke Amaya wa Japani alitumia muda wake wa ziada kwa miaka mitano kutunga mchezo wa Cave Story, kisha mwaka wa 2004 akautoa bila kudai hata senti moja. Kwa vile uliundwa kwa kompyuta za siku hizo, mashine iliyozeeka inaumudu bila kutoka jasho. Nao mchezo wa kupanda mlima uitwao Celeste ulianza mwaka wa 2015 kama kazi ya watu wawili, Maddy Thorson na Noel Berry, waliyoimaliza kwa siku nne. Toleo hilo la kwanza huchezwa bure kwenye mtandao.

Wapi pa kuipata

Pa kwanza ni tovuti ya itch.io, iliyoanzishwa mwaka wa 2013. Hapo mtungaji ndiye hupanga bei yake, na wengi humwachia mchezaji atoe kiasi apendacho, hata kama ni sufuri. Unaweza kuchagua uonyeshwe ya bure pekee, ya kompyuta za Windows, ya simu za Android, au ile inayochezwa papo hapo kwenye kivinjari bila kupakua chochote. Hii ya mwisho huwafaa wanafunzi wanaotegemea kompyuta za saiba au za maktaba.

Pa pili ni duka la mtandaoni la Steam. Michezo mingi hapo huwa na sehemu ya kuonja bila malipo, kama vile muuza machungwa anavyokukatia kipande kwanza. Tangu mwaka wa 2015 duka hilo hurejesha pesa za mnunuzi akiomba katika muda wa siku 14 na akiwa hajaucheza mchezo kwa zaidi ya saa mbili. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka wa 2022. Kadi hiyo na nambari ya siri zibaki mikononi mwa mzazi.

Pa tatu ni kwenye mashindano ya kutunga michezo kwa haraka. Maarufu ni Ludum Dare, yaliyoanza mwaka wa 2002, ambapo kuna kundi la washindani ambao kila mmoja hutunga mchezo peke yake kwa saa 48, wote wakifuata mada moja. Mingi huwa mifupi ya kuchezwa kwa dakika 10 hivi. Baadhi ni vichekesho visivyo na kichwa wala miguu, lakini katika pumba hizo hukosi punje za mchele.

Tahadhari mbili. Kwanza, udogo wa mchezo si cheti cha usafi wake. Katika itch.io na Steam ipo michezo ya watu wazima, na hata Stardew Valley ina baa na jumba la kamari. Mzazi aucheze kwanza, au angalau aketi karibu siku ya kwanza. Pili, usipakue nakala za wizi kutoka tovuti usizozijua. Nyingi hubeba virusi vya kompyuta, tena humnyima mtungaji jasho lake.

Ya kuanzia

Kwa familia yenye watoto wadogo, A Short Hike ni mwanzo mwema. Uliundwa na Mkanada Adam Robinson-Yu mwaka wa 2019. Ndege mdogo aitwaye Claire anasubiri simu muhimu, lakini mtandao haushiki ila kileleni mwa mlima. Nani kati yetu hajawahi kupanda kichuguu huko mashambani akitafuta mtandao? Njiani Claire hukutana na watu, huwasaidia, nao humsaidia. Mchezo huweza kwisha kwa alasiri moja, na hakuna anayeuawa.

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa madarasa ya juu na wa chuo, kuna Papers, Please wa Lucas Pope, uliotoka mwaka wa 2013. Hapa wewe ni afisa wa uhamiaji mpakani, katika nchi ya kubuni yenye utawala wa mabavu. Mshahara hutegemea idadi ya watu uliowahudumia bila kosa, na nyumbani familia inangoja chakula, dawa na kodi ya nyumba. Mara anapita mzee mwenye vibali kamili, akikusihi umhurumie mkewe aliye nyuma yake. Mke hana kibali. Utafanyaje? Mwingine naye atakupenyezea hongo. Mjadala wa maadili utakaozuka mezani baada ya hapo huenda ukashinda hotuba kumi za mzazi. Mchezo huu una mambo mazito na haufai watoto wadogo.

Nasi pia tumo. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, na mwaka wa 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Mwaka wa 2024, mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na kampuni yake ya Surgent Studios walitoa Tales of Kenzera: Zau. Kijana Zau anafanya mapatano na mungu wa kifo ili arudishiwe baba yake. Salim aliutunga akiomboleza babake mzazi, akichota katika ngano za Wabantu. Ni mchezo wenye mapigano, lakini aliyefiwa ataelewa kwamba kinachopiganiwa hasa ni moyo wa mwana.

Mcheze pamoja

Watazame wanaume wanaocheza drafti ya vizibo vya soda mtaani. Wawili husogeza, wanane hutoa ushauri, na kila mtu huondoka akidhani yeye ndiye aliyeshinda. Hivyo ndivyo michezo hii inavyofaa kuchezwa nyumbani: mmoja kwenye kibodi, wengine kando yake wakibishana. Mwachie mtoto akufundishe. Mzazi ambaye vidole vyake ni vizito asikate tamaa. Celeste lile refu, lililotoka mwaka wa 2018, lina mpangilio wa kupunguza kasi ili hata mgeni aweze kusonga mbele. Wekeni muda, na ukiisha, zimeni wote pamoja. Kijana aliyecheza na babake kwa saa moja hukubali kuzima kwa wepesi kuliko aliyefokewa kutoka jikoni.

Mkimaliza, ulizeni maswali matatu. Nani aliyeutunga? Alitaka tuhisi nini? Sisi tungeutunga vipi? Swali la tatu ndilo lenye uzito kwa mwanafunzi, kwa sababu vifaa vya kulijibu havina malipo. Scratch, programu iliyotolewa mwaka wa 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, humwezesha mtoto wa miaka minane kutunga mchezo kwa kupanga vipande kama matofali, na unaweza kuitumia kwa Kiswahili. Aliyekomaa atahamia Godot, ambayo pia ni ya bure.

Wala tusidanganyane. Kwa kila Barone mmoja wapo wengi waliotunga wasiuze. Asiwepo mzazi atakayeuza ng'ombe kwa tamaa ya mamilioni, wala mwanafunzi atakayeacha masomo. Lakini kijana aliyetunga mchezo wa dakika tano kuhusu kuvuka barabara penye matatu, ukachezwa na wenzake darasani wakacheka, amepanga kazi, ameifanya na ameimaliza. Hilo litamfaa kokote aendako.

Basi leo jioni, badala ya kufoka, vuta kiti. Mwambie akuonyeshe anachocheza, kisha mtafute pamoja mchezo mmoja mdogo wa bure. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wako yuko hapo sebuleni.