Hita ya Gesi Isipopasha Maji

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za hita ya gesi, yaani chombo kitundikwacho ukutani ili kupasha moto maji ya kuoga. Hapa Mjimwema, katika nyanda za juu za Songea, asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali. Hita ikikataa kuwaka siku hizo, mwenye nyumba hushika bisibisi kwa haraka. Twamsihi aiweke chini, ajue kwanza jinsi chombo kifanyavyo kazi, ndipo atafute kosa.

Hita nyingi za namna hii haziwaki mpaka maji yapite ndani yake. Ufunguapo bomba, nguvu ya maji husukuma kiwambo cha mpira. Kiwambo huamsha umeme wa betri. Umeme huo hutoa cheche na kufungua njia ya gesi. Basi vyahitajiwa vitu vinne: maji, umeme, gesi na hewa. Na tuvitazame kimoja kimoja.

Kwanza, maji. Fungua bomba la maji moto, usikilize. Usiposikia mlio wa cheche, huenda maji hayana nguvu. Tangi likikaribia kuwa sawa na hita kwa kimo, maji hushuka kwa unyonge, yafaa liinuliwe. Pengine mchanga umeziba chujio dogo mahali yaingiapo maji. Funga maji, ulitoe, ulioshe.

Pili, betri. Maji yakiwa na nguvu na cheche zisisikike, badili betri zote pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu.

Tatu, gesi. Cheche zikilia na moto usitokee, pima mtungi kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Kinachozidi ndicho kilichobaki. Ikiwa mtungi umebadilishwa karibuni, hewa iliyomo mpirani hapana budi itoke kwanza. Jaribu mara chache, ukingoja kidogo kati ya mara na mara.

Pengine moto wawaka vema, walakini maji ni vuguvugu. Huo si ubovu: maji ni mengi kupita nguvu za moto. Yapunguze yawe nusu, nalo ongezeko la joto litakuwa karibu mara mbili.

Nne, hewa, na hapa pana hatari ya mauti. Moto mwema ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kutoa masizi, haupati hewa ya kutosha, nao waweza kutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, akaanguka. Kwa hiyo hita isitundikwe ndani ya bafu, na moshi wake upelekwe nje.

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, wala usiwashe kiberiti wala taa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni. Harufu ikiisha, viungo vya mpira hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto.

Kazi ya mwenye nyumba ni chujio, betri, mtungi na povu. Yaliyomo ndani ya hita ni ya fundi. Mwite, na siku hiyo chemsha maji kwa sufuria.