Je, Wajua? Mzinga Unaozitazama Risasi Zake

Upo mzinga wa meli ambao hufuatilia risasi zake mwenyewe zikiwa bado angani. Unaitwa Phalanx, na Marekani iliufunga kwenye manowari ya kubebea ndege, USS Coral Sea, mwaka 1980. Kwa mbali utadhani ni pipa jeupe lililosimamishwa sitahani. Ndani ya pipa hilo mna rada, na chini yake mitutu sita ya milimita 20 iliyofungwa pamoja. Huzunguka na kufyatua kwa zamu, ili usiwepo mmoja wa kulibeba joto lote.

Rada moja hutafuta kombora la adui. Nyingine hulifuata kombora hilo na risasi za mzinga kwa pamoja. Risasi zikipita pembeni, kompyuta hupima zimekosea kiasi gani, ikaisogeza mitutu papo hapo. Hufyatua risasi 4,500 kwa dakika, yaani 75 kila sekunde. Lakini ghala lake hubeba 1,550 tu, kwa hiyo likimiminwa mfululizo huisha kwa sekunde 20 hivi.

Na mashine yote hii haina faida isipowashwa kwa wakati. Tarehe 17 Mei 1987, katika Ghuba ya Uajemi, ndege ya Iraq iliipiga manowari ya Marekani, USS Stark, kwa makombora mawili ya Exocet. Phalanx ilikuwemo melini, imeachwa katika hali ya kusubiri. Haikufyatua hata risasi moja. Mabaharia 37 walikufa.

Lakini Januari 2024, katika Bahari ya Shamu, manowari nyingine ya Marekani, USS Gravely, ililitungua kombora la Wahouthi wa Yemen kwa mzinga wa aina hiyohiyo, likiwa limebakiza kama maili moja tu kuifikia.