Gari la Kampuni Linatuhusu: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kununua Stesheni Wagoni ya Dizeli



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza habari za mishahara, likizo na saa za kazi. Leo nataka tuzungumze habari ya gari. Wengine watauliza: gari la kampuni linatuhusu nini sisi, na wanaolipanda ni meneja na mhasibu? Naomba msome mpaka mwisho, kisha mseme wenyewe kama halituhusu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuonana na wanachama katika shamba moja nje ya Juba. Mchana, wakati wa kufyeka, panga lilimponyoka mwenzetu mmoja likamkata mguu chini ya goti. Damu ilitoka nyingi. Tukamfunga kwa shati. Gari la kampuni, pikapu mpya ya milango minne, lilikuwa mjini na meneja. Lililokuwapo ni trekta. Tukamlaza mwenzetu juu ya magunia ndani ya tela, jua kali, barabara mashimo matupu, na kila shimo alilia. Tulitumia zaidi ya saa mbili kufika hospitali. Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mguu ule haukurudi kama zamani, na kazi ya kufyeka haiwezi tena.

Baada ya hapo kampuni ilitangaza kwamba itanunua gari jingine, ikawaita wawakilishi wawili wa wafanyakazi watoe maoni. Wenzetu wakanijia wakasema, "Ndugu, sisi tutasema nini? Hatujui magari." Meneja alitaka gari kubwa la fahari lenye vioo vyeusi. Mhasibu alitaka gari dogo la petroli kwa sababu bei yake ni ndogo. Dereva mmoja mzee akasema inunuliwe stesheni wagoni ya dizeli. Kila mtu alikuwa na sababu zake. Mimi si fundi, nilisoma shule ya msingi tu, lakini nimekaa sana na madereva na mafundi. Niliyowaeleza wenzetu siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa.

KWANZA: GARI LITAFANYA KAZI GANI?

Msianze na jina la gari. Anzeni na kazi. Andikeni kwenye karatasi: litabeba watu wangapi, litabeba mizigo gani, litapita njia zipi, na mtu akiumia litamchukua vipi.

Stesheni wagoni ni gari refu ambalo paa lake linakwenda mpaka nyuma, na nyuma kuna mlango unaofunguka kwa juu au kwa upande. Viti vya nyuma hukunjwa. Vikikunjwa, sakafu inakuwa ndefu na mtu mzima aweza kulazwa, akafunikwa na jua na mvua. Hapo ndipo inapoishinda salun, ambayo mgonjwa hukalishwa humo kwa kukunjwa kama nguo. Pia inaishinda pikapu, ambayo mgonjwa hulazwa nje pamoja na mavumbi.

Wazee wetu wa Kenya na Tanzania wanaikumbuka Peugeot 504 ya stesheni wagoni, iliyobeba abiria na mizigo yao safari ndefu kutoka mji hadi mji. Gari hilo liliunganishwa hata Kenya na Nigeria. Lilipendwa si kwa uzuri wa rangi, bali kwa sababu springi zake za nyuma zilikuwa na nguvu ya kubeba mzigo na fundi wa kijijini aliweza kulitengeneza.

Lakini stesheni wagoni ina ubaya wake, na lazima tuuseme. Hakuna ukuta kati ya watu na mzigo. Breki ikikanyagwa ghafula, jembe au boksi la vyuma linaruka mbele mpaka kichwani mwa abiria. Kwa hiyo mzigo ufungwe, na uwekwe wavu wa chuma nyuma ya viti. Dawa za kunyunyizia mimea zisibebwe kamwe pamoja na watu, wala madebe ya petroli, kwa kuwa mvuke wake unajaa ndani ya gari na mnauvuta njia nzima.

PILI: NJIA NI ZIPI?

Barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilimalizwa kutiwa lami mwaka 2012. Kama shamba au kiwanda kiko karibu na barabara hiyo, na kipande cha murramu kilichobaki ni kifupi, stesheni wagoni ya kawaida iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini inatosha.

Lakini kama kazi yenu iko kwenye udongo mweusi unaonata, msidanganywe. Mvua zikianza hapa kwetu, kutoka mwezi wa nne hadi wa kumi, gari la magurudumu mawili yenye nguvu litakaa matopeni na mgonjwa ndani yake. Hapo inafaa gari la magurudumu manne, na bado laweza kuwa la namna ile ile iliyofungwa nyuma. Ile Land Cruiser ndefu ambayo watu huita haditopu, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na mambo mengi, ndiyo mashirika mengi yameitumia kama gari la wagonjwa. Bei yake ni kubwa. Lakini gari la bei ndogo lisilofika ni ghali zaidi.

Kuna jambo jingine la njia ambalo watu husahau. Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 iliendelea vivyo hivyo. Uganda na Kenya huendesha upande wa kushoto. Magari mengi yaliyotumika yanatoka Japani, yanapita Mombasa na Uganda, na usukani wake uko kulia. Hapa kwetu dereva wa gari hilo anakaa upande wa ukingoni mwa barabara. Akitaka kulipita lori la mafuta kwenye barabara ya Nimule, haoni kinachokuja mpaka ameshatoa nusu ya gari. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa. Kama mnaweza kupata gari lenye usukani wa kushoto, litakeni hilo. Kama hamwezi, basi iwe sheria kwamba dereva halipiti lori pasipo kuona mbele vizuri, na asisukumwe na bosi kwa kuchelewa.

TATU: DIZELI AU PETROLI?

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inaibana hewa kwa nguvu mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto mkali, kisha pampu inarusha mafuta ndani yake na yanawaka. Ndiyo kazi aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Kwa sababu ya kubana huko, injini ya dizeli ni nzito na bei yake iko juu, lakini inapata nguvu nyingi zaidi kutoka katika kila lita, na inavuta mzigo bila kukimbia sana.

Je, kuna faida? Tufanye hesabu. Tusihesabu kwa paundi, maana paundi ya leo si ya mwezi ujao. Tuhesabu kwa lita. Tuseme gari la petroli linatumia lita 12 kwa kilomita 100, na la dizeli lita 9. Tuseme pia lita moja ya dizeli na ya petroli bei ni moja, na gari la dizeli limezidi bei kwa kiasi kinachoweza kununua lita 1,500.

Gari likienda kilomita 2,000 kwa mwezi, petroli ni lita 240 na dizeli ni lita 180. Mmeokoa lita 60. Gawanyeni 1,500 kwa 60: baada ya miezi 25 mmerudisha fedha, na kuanzia hapo ni faida. Lakini gari likizunguka mjini tu, kutoka ofisini hadi benki na soko la Konyokonyo, kilomita 500 kwa mwezi, mnaokoa lita 15. Hapo mtangoja miezi 100, yaani zaidi ya miaka minane. Kwa kazi hiyo mhasibu atakuwa na haki: nunueni petroli. Wekeni bei za siku yenu na kilomita zenu katika hesabu hii, mtapata jibu lenu.

Kuna faida nyingine isiyo ya hesabu. Trekta lenu, lori lenu na jenereta yenu vyote vinakunywa dizeli. Gari likitumia dizeli, pipa ni moja, daftari ni moja, na wizi unaonekana upesi. Siku malori yanapokwama mpakani na vituo vya mjini vikauke, pipa la shamba litawasha gari la kumpeleka mgonjwa. Nchi yetu inachimba mafuta, lakini mafuta hayo ghafi njia yake ni bomba la kwenda Port Sudan, na dizeli tunayotumia Juba kwa sehemu kubwa hutujia kwa malori kutoka Mombasa kupitia Uganda. Njia ndefu haikosi siku ya kukwama.

NNE: DIZELI IPI?

Hapa wengi huanguka. Magari mapya ya dizeli kutoka Ulaya yana pampu ya nguvu nyingi mno na noseli nyembamba zinazoongozwa na kompyuta. Yana pia chujio la moshi kwenye ekzosi. Chujio hilo linataka dizeli safi isiyo na salfa nyingi, na linataka safari ndefu za mwendo wa kasi ili lijiunguze masizi yenyewe. Ukilipeleka kwenye foleni za Juba na dizeli ya pipa lenye kutu, litaziba, na fundi mwenye kompyuta ya kulifungua hayupo karibu. Msikimbilie gari kwa kuwa ni jipya. Ulizeni: pampu yake ni ya namna gani, na ni fundi gani hapa aliyewahi kuifungua?

Hata injini ya kizamani yataka kuangaliwa. Adui wake ni maji na uchafu. Pipa likifika, liacheni litulie usiku mzima, vuteni mafuta kutoka juu, si chini. Chujio la dizeli limwagwe maji yake kila juma. Pipa la petroli na pipa la dizeli yapakwe rangi tofauti, kwani petroli ikiingia kwenye injini ya dizeli inaua pampu.

Na moshi, ndugu zangu, si mzaha. Mwezi wa Juni mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli unaleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo injini isiachwe ikiunguruma ndani ya gereji iliyofungwa wala kwenye mlango wa ghala wanamofanya kazi watu. Fundi ana haki ya kufanya kazi yake penye hewa.

TANO: UFUNGUO UKO WAPI?

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Gari zuri likilala nyumbani kwa meneja halimsaidii mtu aliyekatwa na panga. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unasema mashine za shamba zisitumiwe kusafirisha watu isipokuwa zimeundwa au zimerekebishwa kwa kazi hiyo. Tela lile tulilomlazia mwenzetu halikuundwa kwa watu. Tulilitumia kwa kukosa jingine.

Kwa hiyo wawakilishi wetu walipokwenda mkutanoni hawakubishana juu ya jina la gari. Waliweka mezani karatasi yenye mambo matano, wakaomba yaandikwe na kutiwa sahihi:

1. Saa za kazi gari moja linaloweza kulaza mgonjwa liwepo kazini. Likiondoka, lingine libaki.
2. Ufunguo ukae ofisini, mahali panapojulikana na nyapara wa kila zamu.
3. Machela na sanduku la huduma ya kwanza vikae ndani ya gari daima.
4. Tangi lisishuke chini ya nusu.
5. Abiria wasizidi viti, na dereva asiendeshe akiwa amechoka kwa zamu ndefu.

Meneja alisoma, akanyamaza, akauliza ni nani aliyetufundisha. Mzee dereva akamjibu, "Barabara, bwana." Wakakubaliana. Ilinunuliwa stesheni wagoni ya dizeli iliyotumika, ya pampu ya kizamani, kwa kuwa shamba liko karibu na lami na safari zake ni ndefu. Si nzuri ya kutazama. Mlango wa nyuma hufungwa kwa kubamizwa. Lakini imekwisha kumfikisha hospitali mke wa mwenzetu mmoja aliyeshikwa na uchungu usiku, na alirudi na mtoto.

Basi, ndugu wafanyakazi, mkisikia kwamba kampuni yenu inataka gari jipya, msiseme ni mambo ya wakubwa. Kaeni, andikeni kazi na njia zake, fanyeni hesabu kwa lita, kisha tumeni wawakilishi wenu wakiwa na karatasi mkononi. Anayekwenda mkutanoni bila karatasi hurudi na ahadi tu.

Umoja ni nguvu.