Kamba mikononi mwa baba: Tuliyojifunza ukutani

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Msemo huo tumeusikia tangu utotoni, na wengi wetu tumewaambia watoto wetu pale tulipotaka kuwaonya. Maana yake hasa tulikuja kuifahamu ndani ya ukumbi mmoja jijini Nairobi, tukiwa tumeshika kamba, na mwanetu yuko juu ya ukuta akikataa kushuka.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Tulisafiri na kijana wetu wa miaka 15 kwenda kuwazuru jamaa zetu. Safari hiyo ilikuja wakati mgumu. Matokeo yake ya mtihani wa muhula hayakuwa mazuri, nasi, baba mtu, tulimtamkia siku ile maneno ambayo mzazi hapaswi kumtamkia mwanawe. Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na salamu lakini haikuwa na mazungumzo. Kijana alisalimia asubuhi, akaitika alipoitwa, akala, akanyamaza. Hali hiyo ilidumu karibu miezi mitatu.

Mjomba wake anayeishi huko ndiye aliyetushauri tumpeleke kukwea ukuta. Tulidhani ni mchezo wa kitoto. Tulipoingia tulikuta kuta ndefu za mbao, zimejaa vishikio vya plastiki ngumu vya rangi mbalimbali. Kila rangi ni njia yake. Anayeanza kwa vishikio vya manjano humaliza kwa manjano, na njia hizo zimepangwa kwa daraja, kuanzia anayoiweza mtoto mdogo hadi ile inayomtoa jasho bingwa. Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza, mwalimu wa elimu ya viungo aitwaye Don Robinson alipachika vipande vya mawe katika ukuta wa ujia wa chuo ili wapanda majabali wapate mahali pa kujinoa. Kutoka katika ujia huo mchezo umeenea duniani, na mwaka 2021 uliingia katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo.

Somo la kwanza tulilipata kabla hata mguu haujaacha sakafu. Mkweaji huvaa mkanda madhubuti unaozunguka kiuno na mapaja. Kamba hupita juu ya ukuta, ncha yake moja ikafungwa kwenye mkanda wake kwa fundo lenye umbo la nane, na upande wa pili hupitishwa katika kifaa cha kubana kilichopo kwenye mkanda wa mwenzake aliye chini. Kisha hao wawili hukaguana. Huyu hulitazama fundo la yule, na yule hukitazama kifaa cha huyu. Mwalimu alitueleza kuwa hata aliyefanya kazi hiyo kwa miongo miwili hukaguliwa, kwa kuwa ajali humpata zaidi aliyezoea akaacha kuangalia. Tulimkumbuka yule bedui aliyeelekezwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Tukajiuliza pia: ni mara ngapi katika nyumba zetu tunakubali kukaguliwa? Baba humkagua mtoto kila siku. Mtoto akimwambia baba kuwa fundo lake limelegea, huitwa mtovu wa adabu.

Kijana akaanza kukwea. Alikwenda kwa pupa, akijivuta kwa mikono, na alipofika nusu ya njia mikono ilikuwa inatetemeka. Mwalimu akamwambia, "Tumia miguu. Mikono ni ya kujishikiza tu, miguu ndiyo inayokubeba." Sisi tuliokulia pwani tungepaswa kulijua hilo. Mkwezi wa minazi hajivuti kwa mikono hadi kileleni. Huisukuma miguu yake katika zile ngazi zilizochongwa kwenye shina, mikono ikikumbatia tu. Ndivyo ilivyo katika maisha. Wengi huchoka mapema kwa kuwa wanatazama wanachotaka kukishika, wala hawatazami walipokanyaga.

Alipumzika kidogo, akapanga miguu, akaendelea hadi juu kabisa. Watu wakampigia makofi. Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Ili ashushwe, mkweaji hana budi kuachia ukuta kwa mikono miwili, akae katika mkanda wake kama aliyekaa kitini, na kuuacha uzito wake wote kwa aliyeshika kamba. Kijana akatazama chini. Akatuona sisi. Akaganda pale pale. Kisha akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Mwalimu, shika wewe."

Ndugu wasomaji, hatutaficha kuwa maneno hayo yalituchoma. Huyu ndiye mtoto tuliyembeba mgongoni. Lakini tulipoyatafakari tukaona kuwa hakukosea. Mara ya mwisho alipoanguka, katika mtihani ule, mikono yetu haikuwepo. Alihitaji kamba, nasi tukampa ukali. Mtoto hasahau nani alikuwa ameshika kamba siku alipoteleza.

Mwalimu hakutunyang'anya kamba. Alisimama nyuma yetu, akaishika kwa chini kama akiba, akamwambia kijana, "Imeshikwa na wawili. Baba yako ndiye atakayekushusha." Zilipita dakika kadhaa. Kijana akaachia mkono mmoja, akaurudisha, akauachia tena. Hatimaye akaachia yote miwili, nasi tukamshusha taratibu, kamba ikipita kiganjani kidogo kidogo, macho yetu hayajabanduka kwake.

Kazi ya mshika kamba inafanana sana na ulezi. Akiikaza kamba mno, anamvuta mkweaji, na kila afikapo hafiki kwa nguvu zake. Akiilegeza mno, mkweaji akiteleza ataanguka mbali kabla ya kamba kumdaka. Ustadi wake ni kutoa na kuvuta kwa kadiri ya mwendo wa aliye juu, na hilo haliwezekani kama hamtazami. Katika ukumbi ule hakuna mshika kamba anayeruhusiwa kuchezea simu. Tulipoisikia kanuni hiyo tulizikumbuka jioni zetu nyumbani, tukainamisha kichwa.

Baadaye zamu ikatugeukia. Kijana alituangalia, akasema, "Baba, panda na wewe." Kwa kuwa sisi ni wazito kumzidi, mwalimu alimfunga kwa ukanda kwenye nanga ya sakafuni, maana mshika kamba mwepesi huweza kunyanyuliwa na uzito wa mwenzake anapoanguka. Nalo hilo ni funzo: mtoto anaweza kutubeba katika jambo fulani, lakini asiachwe peke yake kubeba uzito wa mtu mzima.

Hatukufika mbali. Tulipopita theluthi ya ukuta miguu ilianza kucheza kama cherehani, kishikio kikatuponyoka, tukaanguka. Kamba ikatudaka baada ya kushuka kidogo tu. Tukiwa tunaning'inia tulisikia sauti kutoka chini: "Nimekushika, Baba." Alikuwa hajatuita kwa upole ule kwa muda mrefu.

Usiku huo, barazani kwa mjomba wake, alizungumza. Alitueleza kuwa katika hisabati alipotea tangu kidato cha kwanza. Aliona haya kuuliza darasani, na nyumbani aliogopa. Sisi tuliyekuwa tukimwita mvivu hatukuwahi kumuuliza ni hatua ipi aliyoteleza. Tulimwomba radhi. Wako wanaodhani mzazi akiomba radhi hushuka hadhi. Sisi tuliona kinyume chake.

Katika ukuta, kuanguka si aibu. Tuliwaona vijana hodari wakianguka mara tano, mara kumi, katika njia ile ile. Baada ya kila anguko hukaa chini, huutazama ukuta, huulizana mguu ulikuwa wapi, kisha hujaribu tena. Hakuna anayemwambia mwenzake kuwa hafai. Wanayafanya makosa kuwa somo, ilhali sisi majumbani huyafanya kuwa hukumu.

Wazazi wa mabinti wametuuliza kama mchezo huu unawafaa. Tunawaelekeza kwa Aries Susanti Rahayu wa Indonesia, binti kutoka Java ya Kati. Mwaka 2018 alitwaa dhahabu ya mbio za kukwea katika Michezo ya Asia nchini mwake. Oktoba 2019, mjini Xiamen, China, aliukwea ukuta wa mita 15 kwa sekunde 6.995, akawa mwanamke wa kwanza duniani kutumia chini ya sekunde 7. Alifanya hayo akiwa na hijabu yake. Nchi hiyo hiyo ilipata kijana Veddriq Leonardo, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024 kwa sekunde 4.75, dhidi ya 4.77 za mpinzani wake kutoka China. Ukuta wa mbio hizo hupangwa kwa namna moja kila mahali duniani, wala hakuna kishikio kisichojulikana. Anayeshinda ni yule aliyekwisha kurudia hatua zile zile siku baada ya siku, hata kosa dogo halina pa kuingilia. Haraka ile ni tunda la subira ndefu.

Kwa atakayependa kumpeleka mwanawe, tuna nasaha chache. Kwanza, hakikisha pana mwalimu anayekagua mikanda na mafundo kabla ya kila mtu kupanda. Pili, vua pete, saa na mikufu, kwani pete hunasa kwenye kishikio na kuumiza kidole. Tatu, nguo iwe pana lakini isiyoburura, na ncha za mtandio zichomekwe ndani zisikaribie kamba. Nne, uliza mapema kama zipo saa zisizo na msongamano, ili familia ipate nafasi na sitara. Tano, mzazi asikae pembeni kama mtazamaji. Ajifunze kushika kamba.

Tumerudi nyumbani. Hatutasema kuwa kila jambo limenyooka. Hisabati bado inamsumbua kijana wetu, na sisi bado hasira hutupanda. Lakini kila Jumamosi jioni tunakaa naye na daftari lake, tunaanzia pale alipopotea, hesabu moja baada ya nyingine. Simu tunaiacha chumbani. Juma lililopita alikosea hesabu tatu mfululizo, akatutazama usoni kuona tutasema nini. Tukamwambia, "Tumekushika." Akacheka, akairudia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe washika kamba waaminifu kwa wale aliotukabidhi. Amin.